Hii Ndiyo Ile ya Mwaka Jana?

Mzee alikuwa amesimama ukingoni mwa lambo, fimbo imelala mabegani na mikono imening'inia juu yake, kama wasimamavyo wafugaji wa kwetu wakichoka. Tuliitikiana mbukwenyi, tukaulizana habari za nyumbani, za mifugo, za mvua ambayo bado ilikuwa mbali. Kisha akashusha fimbo, akaielekeza upande wa magharibi wa lambo, ambako upepo ulikuwa umekusanya utando mzito wa kijani, akaniuliza swali ambalo sijaacha kulifikiria.

"Mwanangu, hii ndiyo ile ya mwaka jana?"

Ya mwaka jana ilikuja mwezi huohuo wa kumi, maji yakiwa yamepungua hadi nyayo za ng'ombe za miezi iliyopita zimebaki kama vikombe vikavu kwenye tope. Ndama wake watatu walikunywa asubuhi, hawakuiona kesho. Mimi sikuwaona ndama wale, wala hakuna daktari wa mifugo aliyewapasua, kwa hiyo sithubutu kusema kilichowaua. Lakini swali la mzee lilinishika. Hakuuliza dawa, hakuuliza madhara. Aliuliza utambulisho: ninachokiona leo na nilichokiona mwaka jana ni kitu kimoja, au ni vitu viwili vyenye rangi moja? Kazi yangu yote ya kuainisha sianobakteria, bakteria wanaofanya utando kama ule, imo ndani ya swali hilo, na siku ile sikuwa na jibu la kumpa.

Asiyejua Dodoma huenda asielewe kwa nini jambo hili linanikera kiasi hiki. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na ikikatika imekatika. Mjini tuna visima vya Makutupora. Upande wa Hombolo kuna bwawa lililojengwa mwaka 1957, na kusini, mpakani na Iringa, kuna Mtera. Lakini vijiji vingi vya Chamwino na Bahi vinategemea lambo: shimo pana lililochimbwa kukinga maji ya mvua, ng'ombe wanaingia humohumo, na mara nyingi ndoo ya nyumbani inachotwa humohumo. Mbolea ya mifugo inashuka na fosforasi yake, jua linayapasha maji moto, maji yamesimama. Kwa sianobakteria hapo ni nyumbani.

Shuleni tuliwaita mwani wa kijani-buluu, na bado wapo wanaowaita hivyo. Ni bakteria. Wanafanya usanisinuru kama mmea, na ndio waliojaza hewa ya dunia oksijeni zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita, lakini seli yao haina kiini. Kwa muda mrefu walikuwa mikononi mwa wataalamu wa mimea, waliowachora kwa penseli na kuwapa majina kwa jinsi walivyoonekana. Mwaka 1978 Roger Stanier na wenzake walipendekeza wahamishiwe kwenye kanuni za kutaja bakteria, na tangu hapo wanaishi chini ya sheria mbili. Kanuni ya mimea inataka kielelezo kilichokaushwa au kuhifadhiwa, au wakati fulani mchoro. Kanuni ya bakteria inataka mbegu hai, safi, isiyochanganyika na kitu kingine, iliyowekwa kwenye hifadhi mbili za nchi mbili tofauti. Kiumbe kimoja, mabaraza mawili, na kila baraza lina ushahidi wake. Nilipokuwa mwanafunzi niliona huo ni usumbufu wa makaratasi tu. Lambo la Chamwino lilinifundisha vingine.

Safari ya kwanza nilikwenda na chupa sita, ndoo ya kamba, wavu wenye matundu ya mikromita 20 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) na kichupa cha Lugol, ile dawa ya kahawia ya iodini. Nilichota upande wa utando, nikachota katikati, nikachota upande upepo unakotokea. Kisha, kwa mazoea ya darasani, nikatia Lugol chupa zote sita. Lugol huua seli na kuzizamisha, ukaweza kuzihesabu kwa utulivu, umbo limebaki. Niliporudi maabara nilipata michoro mizuri. Lakini nilipotaka vinasaba, PCR, ile njia ya kunakili kipande cha vinasaba hadi kisomeke, ikagoma: iodini ilikuwa imeniharibia kazi. Nilikuwa nimehifadhi sura ya kiumbe na kupoteza asili yake, na ikabidi nipande tena basi la kijijini. Tangu siku hiyo kila sampuli yangu inagawanywa palepale ukingoni: chupa moja ya macho, moja ya vinasaba ikiwa kwenye barafu, moja ya kuotesha.

Tuanze na ya macho. Ukitia tone la utando ule chini ya hadubini unaona vijipande vyenye seli za mviringo, mamia kwa mamia, zimejaa vitundu vyeusi-vyeusi. Vitundu hivyo ni mifuko ya hewa, ndiyo inayowapandisha juu ya maji asubuhi upepo ukiwa umelala. Seli zenyewe zina upana wa mikromita nne au tano. Ukiishia hapo utasema ni Microcystis, na utakuwa sahihi. Lakini Microcystis yupi? Sasa chukua wino mweusi wa kuchorea, tone moja kando ya kioo, uache utambae. Wino unasambaa kila mahali isipokuwa pale penye ute, na ghafla ule ute usioonekana unajitokeza kama uwazi mweupe kuzunguka seli. Kundi moja ute wake una ukingo mkali, kama umechorwa kwa kalamu: vitabu vinamwita Microcystis wesenbergii. Kundi la jirani ute wake hauna mpaka, unayeyukia majini, na kundi lenyewe limetoboka-toboka: vitabu vinasema Microcystis aeruginosa. Nilipima seli thelathini za kila kundi, upana kwa upana, nikaandika majina mawili kwenye daftari, nikaridhika.

Nilipoanza kusoma vinasaba, majina yale mawili hayakusimama.

Jeni tunayoanza nayo karibu sote inaitwa 16S. Ina herufi za vinasaba zipatazo 1,500 na kila bakteria anayo, kwa sababu bila hiyo hawezi kutengeneza protini. Bakteria wawili wakitofautiana kwenye 16S kwa zaidi ya asilimia 1.3 au hivi, tunaanza kuwahesabu kuwa spishi mbili. Hawa Microcystis wanafanana kwa zaidi ya asilimia 99, ute mkali na ute laini sawasawa. Mwaka 2001 Otsuka na wenzake kule Japani walikwenda mbali zaidi, wakalinganisha vinasaba vizima vya Microcystis wa spishi tano zilizotambuliwa kwa macho, wakaona wanafanana kupita kiwango kinachotenganisha spishi za bakteria. Wakapendekeza zote tano ziwe moja. Yaani majina yangu mawili ya daftarini, kwa baraza la bakteria, yalikuwa jina moja.

Hapo ningeweza kusema macho yameshindwa, jeni zimeshinda, tufunge michoro kabatini. Wapo wanaosema hivyo. Mimi nakataa, na sababu yangu ya kwanza nimeitoa jikoni kwa mama.

Mama ananunua mlenda wa unga soko la Majengo. Mlenda ukiwa bado porini anaujua kwa jani: huu una manyoya, huu hauna, huu unachumwa mapema kabla haujakomaa. Ukishaanikwa na kutwangwa, jani limekwisha, na vyote ni vumbi la kijani. Hapo anabadilisha ushahidi. Anachukua kidogo kwa ncha za vidole, anadondoshea maji, anafinya, anavuta. Ukivutika kama uzi anaununua, ukikatika anarudisha. Sijawahi kumsikia akisema vidole vinajua kuliko macho. Anajua kwamba kila ushahidi una wakati wake, na anajua zaidi kwamba ule mvuto wa vidoleni una maana kwake kwa sababu miaka mingi nyuma alizijua mboga zile zikiwa na majani.

Maabara nafanya vivyo hivyo. Nagandisha seli, nazisaga kwenye kinu kidogo cha kauri hadi umbo lote limepotea, kisha nasoma kilichobaki. Ninachopata ni mfuatano wa herufi. Herufi hazina jina. Jina linatoka kwenye hazina ya mifuatano ambayo wanasayansi wa dunia nzima wameiweka mtandaoni, na kila jina lililoko humo liliandikwa na mtu aliyeinama kwenye hadubini akaamua anaona nini. Akiwa alikosea, kosa lake linanifikia mimi Dodoma likiwa limevaa namba na asilimia. Nimewahi kukuta mfuatano wangu unafanana kabisa na mifuatano mitatu yenye majina ya jenasi tatu tofauti, yaani koo tatu za spishi. Kompyuta haikuweza kuniamulia. Niliamua kwa kurudi kwenye picha.

Na uzi ndio ulionifundisha zaidi.

Katika chupa ya katikati ya lambo, ambako maji yalionekana na ukungu tu bila utando, kulikuwa na nyuzi nyembamba zilizonyooka, upana wa mikromita mbili hadi tatu. Kwenye ncha ya baadhi yake palikaa seli moja iliyochongoka, ukuta wake mnene, imekaa kama tone la maji linalotaka kudondoka. Hiyo ni heterosisti. Kazi yake ni kuchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula, na ili ifanye kazi hiyo inaacha kabisa kutengeneza oksijeni; seli nzima inajitoa kwa ajili ya uzi. Nilichora, nikapima, nikanyonya uzi mmoja kwa bomba la kioo lililochongwa kwa moto, nikauotesha kwenye lishe ya kawaida ya maabara iitwayo BG-11.

Baada ya wiki tatu chupa ilikuwa ya kijani. Nikatazama. Nyuzi zipo, heterosisti hakuna hata moja. Nilitafuta mchana mzima. Nikaamini nimechanganya mbegu, kwamba uzi mwingine umeingia na kumeza ule wa kwangu, na nilikuwa nimeshainua chupa kuimwaga. Aliyenizuia ni mwenzangu wa maabara, mtu wa maneno machache, aliyesoma lebo ya lishe kwa sauti: naitreti, gramu moja na nusu kwa lita. Nilikuwa nimempa chakula tele. Wa nini kujenga seli ya kutafuta naitrojeni hewani wakati imejaa kwenye chupa? Nikahamishia nyuzi kadhaa kwenye lishe isiyo na naitreti. Siku ya tatu zile ncha zilizochongoka zilikuwa zimerudi, zimekaa mahali pake kama hazijawahi kuondoka.

Zamani alama hiyo ndiyo iliyotenganisha jenasi mbili. Uzi huu ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1912 kutoka Java ukiitwa Anabaena raciborskii. Mwaka 1972 ukahamishwa, ukawa Cylindrospermopsis raciborskii, na heterosisti ya nchani ikawa kitambulisho chake. Pembeni kulikuwa na jenasi nyingine, Raphidiopsis, nyuzi zilezile lakini zisizo na heterosisti. Vinasaba vilipowekwa pamoja, mwenye heterosisti na asiye nayo walichanganyikana kwenye mti mmoja wa ukoo, na mwaka 2018 jenasi hizo ziliunganishwa. Raphidiopsis likabaki kwa kuwa ndilo jina la zamani zaidi kati ya hayo mawili. Mambo kama haya yametokea kwingi. Anabaena wanaoelea majini wakawa Dolichospermum mwaka 2009, na ule unga wa kijani unaouzwa kwa jina la spirulina si Spirulina hata kidogo, ni Arthrospira, ambao nao sehemu yake kubwa ilipewa jina la Limnospira mwaka 2019.

Watu wanachoka na mabadiliko haya na ninawaelewa. Afisa wa maji anayesoma ripoti ya mwaka 2005 na ya mwaka huu anaweza kudhani spishi moja imetoweka na nyingine imeingia, kumbe ni jina tu lililohama. Ndiyo maana kwenye kila ripoti yangu naandika jina jipya na la zamani pamoja, na nabandika picha. Namwomba yeyote anayefanya kazi hii asiache picha. Jina litahama tena, lakini picha yenye kipimo pembeni itasomeka hata kwa atakayekuja baada yetu.

Sasa turudi kwa mzee, maana yeye hana shida na Java. Ana shida na sumu.

Hapa macho hayana msaada kabisa, na nalisema wazi kwa sababu nimesikia watu wakiapa kwamba wanaijua sumu kwa rangi au kwa harufu. Ndani ya utando mmoja wa Microcystis kuna wenye uwezo wa kutengeneza sumu ya ini, maikrosistini, na wasio nao, na chini ya hadubini huwezi kuwatenganisha. Hata 16S haiwatenganishi. Kinachowatenganisha ni kundi la jeni linaloitwa mcy: mwenye nalo anaweza, asiye nalo hawezi. Nilitafuta kipande cha mcyE, mojawapo ya jeni hizo, chenye herufi zipatazo 470. Chupa mbili za upande wa utando zilitoa mstari mng'avu kwenye jeli, alama kwamba jeni ipo. Ya upande wa upepo haikutoa. Kuwa na jeni si kuwa na sumu, ni kuwa na uwezo, na kipimo cha sumu yenyewe ni kingine. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa mikrogramu moja ya maikrosistini-LR kwa lita ya maji ya kunywa kila siku. Kuchemsha hakuiondoi, na hilo nalirudia kila ninapopata nafasi, kwa sababu akina mama wengi wanaamini jiko linamaliza kila kitu.

Uzi nao una habari zake. Mwaka 1979, kisiwa cha Palm huko Queensland, Australia, watu 148 waliugua ini na matumbo kwa mkupuo, karibu wote watoto. Bwawa lao lilikuwa limechanua kijani, likawekwa salfeti ya shaba, na ugonjwa ukafuata siku chache baadaye. Uzi wa jamii hii ulipatikana bwawani humo, na sumu yake ikaitwa silindrospemopsini. Shaba ilizipasua seli, kilichokuwa ndani kikamwagika majini.

Naeleza kisa hiki kwa sababu salfeti ya shaba tunaijua vizuri: ni mrututu. Wakulima wa zabibu wanaifahamu kama dawa ya ukungu wa mizabibu. Kwenye kikao cha kijiji, kijana mmoja mwenye nia njema kabisa alisimama akasema ana mfuko nyumbani, tuumwage lamboni tumalize mjadala. Nilisimama kabla sijaruhusiwa, na nikaomba radhi baadaye. Niliwaeleza habari za Palm. Tukakubaliana mambo ya kawaida tu: ng'ombe wanyweshewe upande upepo unakotokea, si kule unakosukuma utando, na maji ya nyumbani yachotwe kwenye kisima kifupi kilichochimbwa mchangani, hatua kadhaa kutoka ukingoni, mchanga uchuje. Niliwaambia pia kwamba ule uzi haupendi kukusanyika juu kama utando. Unatawanyika majini, kwa hiyo maji yasiyo na utando hayajatoa ushahidi wowote.

Mzee alisikiliza yote. Kikao kilipokwisha akanifuata. "Umenieleza ya mwaka huu," akasema. "Ya mwaka jana?"

Ya mwaka jana hakuna aliyeiweka. Hakuna chupa, hakuna picha. Nikamweleza hivyo, naye akatikisa kichwa taratibu. Hapo nikakumbuka jambo nililolisoma miaka ya nyuma. Msafara wa Kapteni Scott kule Antaktika, 1901 hadi 1904, ulikusanya tabaka za sianobakteria, zikakaushwa na kutunzwa katika jumba la makumbusho London. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 2017, watafiti walichapisha vinasaba walivyovisoma humo. Hakukuwa na barafu wala umeme kwenye bahasha zile. Zilikuwa kavu tu.

Tukaenda nyumbani kwake. Mke wake alikuwa ameanika mlenda kwenye ungo, kivulini. Nikamwomba anisikilize yeye zaidi ya mzee. Nikamwonyesha karatasi nyeupe nzito, jozi ya glavu na kitambaa cheupe cha kuchujia: chota, chuja, tandaza kwenye karatasi, anika kivulini mbali na jiko na watoto, andika tarehe na upande wa lambo, funga. Alishika karatasi, akaigeuza. "Kama mlenda," akasema.

"Kama mlenda, mama. Lakini huu hauonjwi."

Mwezi uliopita nilipita kwao. Alinitolea boksi la viatu kutoka juu ya kabati. Ndani mlikuwa na bahasha tisa, mwandiko wa mjukuu wake wa darasa la sita: tarehe, na neno moja moja, magharibi, katikati, mashariki. Nilifungua ya Oktoba. Utando ulikuwa umeshikamana na karatasi, mwembamba, kijani iliyoelekea kwenye buluu pembezoni, na ukiinamisha kwenye mwanga unaona bado vijikundi kimoja kimoja. Nilikata pembe ndogo kwa wembe, nikaitia kwenye kichupa. Nyingine akazirudisha kabatini.